Mzinga Ulioingilia Mlango wa Jikoni

Ijumaa iliyopita nilistaafu. Keki ilikuwa nzuri, hotuba ilikuwa ndefu, na mkurugenzi alikosea jina langu mara moja tu, jambo ninalolihesabu kuwa maendeleo. Nyinyi vijana wangu mliobaki karakana mmenisumbua niandike tulivyokuwa tukifanya kazi kabla yenu. Haya, kaeni. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu siku hizi karakana nzima ni Waswahili isipokuwa mashine ya kuranda, na kwa sababu mkurugenzi hakisomi. Kama simu yake imemtafsiria, basi namsalimu, na vile vikombe vya ofisini anavyovitafuta viko kwenye kabati la rangi.

Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe.

Useremala nilijifunzia Morogoro, kwenye karakana ya reli, tukitengeneza viti na milango ya mabehewa. Mke wangu Zuhura ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya viza. Mimi nilikuja kama mzigo wake wa mkononi. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kusukuma mabegi hotelini Bloomington, mabegi ya watu waliokuja kutembelea lile duka kubwa na kuondoka na mizigo mizito kuliko waliyokuja nayo. Siku moja mgeni aliniona nimepiga magoti nikitibu mguu wa kiti cha mapokezi uliokuwa umelegea. Alikuwa anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho ya vita kule Saint Paul, na akaniambia wanatafuta seremala wa karakana.

Nilianza Januari, mwezi ambao hakuna mtu mwenye akili timamu anayepaswa kuanza jambo lolote Minnesota. Karakana wakati ule ilikuwa Blaine, ghala la bati pembeni mwa barabara, mbali na jumba lenyewe. Fundi mkuu aliitwa Arlo, mzee mrefu wa ukoo wa Kinorwei, mwenye mikono mipana na maneno machache. Nikamsalimu kama nilivyolelewa: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za baridi hii. Kwa Kiingereza changu cha wakati ule ilichukua muda. Arlo alisimama na kikombe chake cha kahawa akinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole ni nani aliyefariki. Alidhani nimekuja na taarifa.

Nikamweleza kwamba hakuna msiba, ni salamu tu, kwetu ndivyo tunavyoanza siku. Akafikiri kidogo, akaniuliza ni neno gani la Kiswahili linalomaliza jambo hilo haraka zaidi. Nikamfundisha: "Nzuri." Kuanzia siku ile sikupata tena kumaliza salamu zangu. Nikifika tu kwenye "Habari za…" ananikata, "Nzuri," na kunikabidhi ufagio. Nilinuna wiki nzima. Zuhura alicheka wiki nzima.

Ufagio haukuwa adhabu, nanyi mliolalamika nilipowapa ufagio mjue nilikotoa desturi hiyo. Arlo aliamini kwamba vumbi la mbao linasema kila kitu. Likiwa laini kama unga, msumeno umekuwa butu na unasaga badala ya kukata. Likiwa chenga safi, uache msumeno ufanye kazi. Likiwa na harufu ya kuungua, mzime kila kitu mtoke nje. Alikuwa na pima maji ya shaba aliyoirithi, timazi ya risasi, na ukuta mzima wa vielelezo vya karatasi ngumu ya maboksi, kwa sababu hakukata ubao wowote kabla ya kuukata kwanza kwenye boksi. Penseli yake ya sikioni hakumwazima mtu. Mke wake, aliniambia, aliolewa naye miaka mingi na hakuwahi kuigusa.

Tulitengeneza mengi. Handaki la askari lenye matope ya plasta, ambalo wageni walilalamika linanuka ingawa halikuwa na harufu yoyote. Bawa la ndege lililogoma kuingia kwenye lifti. Lakini kazi ya moyo wa Arlo ilikuwa moja, na nimewaahidi nitaisimulia sawasawa: ule mzinga mkubwa wa Kijerumani uliosimama ukumbini, ambao wageni hupiga nao picha kabla ya kwenda chooni.

Wengi wenu mmeupaka rangi bila kujua habari zake. Mzinga wa kweli ulikuwa na mdomo wa upana wa sentimita arobaini na mbili, na askari waliupa jina la mwanamke, Bertha. Ulitengenezwa kwa siri kwa kazi moja tu, kubomoa ngome. Ulisafiri vipande vipande, ukivutwa na matrekta, na kuusimamisha na kuuhudumia kulihitaji zaidi ya watu mia mbili. Ukiwa tayari, wahudumu walikwenda kulala chini mbali, pamba masikioni, kisha ukafyatuliwa kwa umeme. Mwaka 1914 ulifika Liège, kule Ubelgiji, ambako watu walikuwa wamejificha ndani ya ngome za zege wakiamini hakuna kitu cha kuzipasua. Kombora lilikaa hewani kama dakika nzima kabla ya kushuka. Ngome moja iliangukiwa kwenye ghala la baruti, ikawafunika askari wake, na wengine wamezikwa humo mpaka leo. Miaka miwili baadaye, kule Verdun, ulikutana na zege gumu zaidi, na makombora yakaanza kulipukia ndani ya mtutu wenyewe. Wahudumu wakawa wanauogopa kuliko walivyomwogopa adui.

Arlo alinisimulia haya wakati wa chai, akitafuna biskuti. Babu yake alikuwa mwanajeshi wa Marekani, na vita vilipokwisha alikuwepo mzinga huo ulipokabidhiwa. Aliingiza kichwa ndani ya mdomo wake, kichwa na mabega, na alichokikumbuka maisha yake yote ni ukimya aliousikia humo. Mzinga mmoja uliletwa Marekani, ukajaribiwa, ukawekwa watu wautazame. Babu alimwahidi Arlo akiwa mtoto kwamba atampeleka auone. Kabla hawajafunga safari, ukakatwakatwa na kuwa chuma chakavu. Leo hakuna hata mmoja uliobaki duniani.

Kwa hiyo Arlo aliamua kuujenga. Kwa mbao, mabati na picha za zamani, kwa kipimo chake halisi, ukiwa mtupu ndani lakini unaofunguka vipande vilevile vya vita. Tulijenga miaka, katikati ya kazi nyingine, kila kipande kikitanguliwa na boksi. Mtutu peke yake, ingawa ni mbao na bati, ulinipa maumivu ya mgongo ninayoyatumia hadi leo ninapokwepa kupalilia bustani ya Zuhura.

Mzinga ulikuwa karibu kukamilika moyo wa Arlo ulipoanza kumsumbua. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akahamia nyumba ya kutunzia wazee Golden Valley. Huko aliangukia mikononi mwa Wanjiru, dada yetu Mkenya, muuguzi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nilikwenda kila Jumapili. Aliuliza jambo moja tu, kama umesimama. Daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba hana miaka mingi, na Arlo hakutaka kitu kingine chochote ila kuuona umesimama kwa macho yake.

Ndipo mkurugenzi akabadili mawazo. Kukodi kampuni ya kuhamisha mzigo ule kutoka Blaine hadi Saint Paul kulimshinda, akasema badala yake ataweka skrini kubwa. Nilimbembeleza mpaka nikaona haya. Akanipa Jumamosi na Jumapili moja, ukumbi ukiwa mtupu kati ya maonyesho mawili. Mzinga ukisimama kabla ya Jumapili jioni, utabaki. Usiposimama, Jumatatu skrini inapandishwa na mbao za Arlo zinarudi kuwa mbao.

Karakana tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa na ngiri. Wanajeshi wa Kijerumani walikuwa zaidi ya mia mbili. Nikashika tama. Zuhura akaniangalia, akasema, "Wewe si mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtoto wa Baraka? Harusi imeisha, kamati imekaa bure."

Mnazijua kamati zetu. Mtu hahitaji kuoa. Inatosha atamke neno "kamati", na papo hapo kuna katibu, kamati ndogo ya usafiri, ya chakula, ya mapambo, na mtu wa kushika kipaza sauti. Nikaandika kwenye kundi letu la simu kwamba kuna mzinga wa kuhamisha na nahitaji wanaume wachache wenye nguvu. Baraka, ambaye ndiye mshereheshaji wetu kwenye kila shughuli, akajibu swali moja: sare ni rangi gani? Nilidhani anatania.

Jumamosi asubuhi ghala la Blaine lilizungukwa na pikapu na trela. Kijana wetu anayepakia mizigo uwanja wa ndege alileta mikanda na vigari vya magurudumu. Fundi wa mapaa kutoka Mombasa alileta jukwaa lake la vyuma. Nao kina mama wakashuka kwenye magari wameshona kitenge kimoja, kijani chenye ndege wa njano, kuanzia dada wa miaka ishirini hadi bibi wa fimbo. Mama Béatrice, Mkongo wa Goma, mwenyekiti wa chakula, alikuwa na masufuria yanayotosha kikosi. Walikuwa wameshaamua kati yao kwamba kwa kuwa mzinga una jina la kike, na unahamia nyumba mpya, basi ni bibi harusi.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuona kazi nzito ikienda vizuri namna ile. Kila mtu alijua nafasi yake kwa sababu alishaishika kwenye harusi. Walioongoza msafara wa maharusi waliongoza matrela. Waliozoea kupanga viti walipanga boliti. Jumapili asubuhi vipande vyote vilikuwa Saint Paul isipokuwa mtutu, nikabaki Blaine kuufunga mwenyewe, nikamwachia Baraka ukumbi na picha ya mzinga uliokamilika.

Nilipofika na mtutu mchana, walinipokea kwa makofi. Mzinga ulikuwa umesimama: kitako, kigari chenye magurudumu ya vibao, kitanda cha mtutu, na mbele yake ngao kubwa ya kuwakinga askari, imefungwa boliti zote. Kilichokosekana ni mtutu tu. Kwenye mzinga ule ngao ni ya mwisho. Mtutu unatangulia, unalazwa kitandani kutokea mbele, ndipo ngao inafungwa. Nikamuuliza Baraka nani alimwambia afunge ngao kabla ya mtutu.

"Mzee Hamisi," akasema, "bibi harusi haingii ukumbini kabla wageni hawajakaa. Hiyo ndiyo ratiba."

Nikashika spana nifungue boliti. Hazikusogea. Kamati ya mapambo, kwa mapenzi mema, ilikuwa imeongeza gundi ili ngao isitikisike mbele ya wageni. Gundi nzuri kabisa, ya kwangu mwenyewe. Kuitoa ngao kulimaanisha kuivunja, na ngao ile Arlo aliikunja bati lake kwa mkono majira mazima ya baridi. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea magharibi. Muziki ukazimwa. Nikampigia Wanjiru, nikamwomba ampe Arlo simu.

"Mzee amekataa lunch," Wanjiru akasema. "Tangu asubuhi anasema nimlete ama aje na wheelchair yake kwa freeway. Nimepata ruhusa. Tuko parking, tunashuka."

Arlo aliingia akisukumwa, amekonda mno, blanketi magotini, penseli sikioni. Watu wakampisha. Akautazama mzinga kuanzia kitako hadi ngao. Baraka akajitokeza mwenyewe, akavua kofia, akaeleza habari ya ratiba ya harusi kwa Kiingereza kilichonyooka, na Arlo akasikiliza mpaka mwisho kama alivyonisikiliza mimi ule mwezi wa Januari. Kisha akaomba kahawa. Alipoimaliza akanyoosha kidole kwenye lile tundu la ngao, ambamo mtutu hutokeza. Kama hauwezi kuingia kwa mbele, akasema, upite kwa nyuma, mdomo ukitangulia, utokeze kwenye tundu mpaka ukae.

Nyuma ya mzinga kulikuwa na ukuta, na katika ukuta mlango mmoja, unaotoka kwenye jiko la jumba. Mtutu ule ungehitaji kuzungushwa nje, uingilie mlango wa uani, upite jiko zima.

Hapo kamati ikagoma. Bibi harusi apitishwe jikoni? Bibi wa fimbo alisema hajawahi kuona fedheha hiyo na hataanza kuiona ugenini. Mjadala ulichukua moto, kila mkoa ukitetea desturi zake, na saa inakwenda. Aliyeumaliza ni Mama Béatrice, kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Kwetu bibi arusi anaingia kwenye kuko mlango," akasema. "Toeni masufuria yangu, mupitishe huyu mama."

Basi masufuria yakatolewa. Vigari vya magurudumu havikuenea kwenye kona ya jiko, kwa hiyo tuliubeba mabegani, wanaume na wanawake, huku Baraka akipiga hesabu ya hatua kwenye kipaza sauti na kina mama wakiimba. Tulipita katikati ya pilau na kachumbari. Mwenzangu mwenye ngiri alibeba limau, asije akasema hakushiriki. Mdomo wa mtutu ukaingia tunduni ukiwa umekwaruza rangi kidogo tu, alama mnayoiona mpaka leo upande wa kulia, na nawakataza kuipaka. Uliposimama ukiwa umebaki kama kiganja, tukamsogeza Arlo, akausukuma mwenyewe. Ukakaa. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani Minneapolis walivisikia.

Mkurugenzi alifika jioni, akakuta mzinga umesimama, watu wamevaa ndege wa njano, na sahani ya pilau imeshawekwa mkononi mwake. Alifurahi kweli, tumpe haki yake. Katika furaha yake akataka kutujaribishia mlio aliokuwa ameuandaa kwa wageni, mshindo wa mzinga kwenye spika. Akabonyeza.

Kuta zilitikisika. Sisi wengine tulishtuka na kucheka. Mama Béatrice alikuwa sakafuni, mikono kichwani, sare yake imemwagikiwa na mchuzi. Kicheko kikakatika. Zuhura akamshika, akamwinua, akamketisha.

"Ile sauti nilishaisikiaka ya kweli, kule kwetu," akasema polepole. "Huku nilikuja juu ya kupumzika."

Nilimwonea huruma hadi nikaumia, na kwa mara ya kwanza siku zile mbili nikakumbuka tulichokuwa tumekibeba na kukiimbia. Watu walikufa chini ya kitu kile. Mkurugenzi alikuwa amesimama na kidole juu ya kitufe, uso mwekundu.

Arlo akaomba tumpeleke mbele. Tukaushusha mtutu mpaka ukawa usawa wa kiti chake. Akasema babu yake hakuwahi kuusikia ukilia, na hakutaka. Alichokisikia ni ukimya. Kisha akaondoa penseli sikioni, akampa Wanjiru aishike, jambo ambalo mkewe angelihitaji kuliona ili aliamini, akaingiza kichwa na mabega ndani ya mdomo wa mzinga. Akakaa humo. Tukasubiri. Akazidi kukaa, mpaka Wanjiru akaanza kunitazama.

Nikazunguka nyuma, nikafungua kifuniko cha nyuma ya mtutu, nikainama. Sikumwona, giza tupu. Nikasema ninachokijua.

"Habari za…"

"Nzuri," ikanijibu sauti, kubwa na ya karibu, kana kwamba imetoka kifuani mwangu. Watu wakacheka. Nikataka kuinuka, lakini sauti ikaendelea, kwa Kiswahili kilichopinda kila mahali.

"Habari za nyumbani, Hamisi? Za watoto? Za Zuhura? Za kazi? Za baridi hii?"

Miaka yote ile nilidhani ananikata. Kumbe alikuwa ameshazisikia zote siku ya kwanza, kwa mpangilio wake, na amezitunza. Nililia nikiwa nimeinamia mzinga wa Kijerumani, mbele ya kamati nzima, na siombi radhi.

Spika iliondolewa jioni ileile. Mkurugenzi aliitoa mwenyewe, bila kuambiwa. Arlo alipata misimu miwili zaidi ya baridi, na Jumamosi nyingi Wanjiru alimleta ukumbini, akaketi karibu na mdomo wa mtutu akiwasalimu wageni waliosimama upande wa pili. Alipofariki, kamati ilijua la kufanya. Sare ilikuwa ileile ya ndege wa njano, na penseli alizikwa nayo.

Basi, vijana wangu. Fagieni mpate kusoma vumbi. Kateni boksi kwanza. Gundi iwekeeni kufuli. Na kile kifuniko cha nyuma ya mtutu msikifunge hata mkurugenzi akisema kinaingiza vumbi.

Ijumaa, baada ya keki, nilishuka ukumbini peke yangu kuaga. Nikainama nyuma ya mzinga kama zamani, sikutarajia kitu. Sikujua mmejipanga mbele, nyote, mnagombania mdomo wa mtutu.

"Habari za nyumbani, Mzee Hamisi? Za Mama Zuhura? Za kustaafu? Za mgongo? Za bustani?"

Mimi, mtu wa salamu ndefu, niliyewachosha nazo kila asubuhi, nilifungua kinywa kuzijibu moja moja. Nikapata neno moja tu.

"Nzuri," nikasema.